Tumboni Mna Nini?

Kawasaki, 24 Mei 1998

Bibi mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta na afya, na theluji ya mwisho nyuma ya ghala imekwisha kuyeyuka. Sisi huku wazima. Mama wamemweka zamu ya alfajiri kiwandani, anapanga wali na samaki kwenye maboksi ya chakula. Akirudi hunusa mikono yake na kusema leo tena amegeuka samaki. Anakusalimu sana. Amesema uvae soksi. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho ulidhani mimi ni mwuza bima ukanikatia, kwa hiyo naandika.

Ninalotaka kukueleza ni hili. Oktoba shule yetu ina tamasha, na kila darasa linafungua kibanda chake. Sisi ni mwaka wa pili wa sekondari ya juu, darasa C. Tulipofanya mkutano watu wote waliinamisha vichwa. Wewe unajua, shuleni kwetu kule kijijini tulikuwa kumi na mmoja. Mtu akitoa wazo, wote tunalidaka na kukimbia nalo. Basi nikanyoosha mkono nikasema, "Tuuze chakula ambacho watu wa hapa hawajakionja." Kumbe huku anayetoa wazo amejitwika mzigo. Mwenyekiti akaandika jina langu ubaoni, wakapiga makofi, mkutano ukaisha. Mimi ndiye msimamizi wa chakula.

Lakini usiwe na wasiwasi, wamefurahi sana. Naomba tu unipe mawazo.

Unakumbuka Mama alivyoniahidi siku tuliyohama: mwisho wa muhula wa pili, Desemba, nikiona mji umenishinda nirudi kuishi nawe. Sisemi umenishinda. Nakumbusha tu.

Mjukuu wako,
Misuzu


Kijijini, 7 Juni 1998

Misuzu wangu,

Salamu zako nimezipata na soksi nimevaa, mwambie mama yako apumue. Mpunga umepandwa, vyura wanapiga kelele mpaka mimi kiziwi nawasikia. Tomekichi wa jirani kauliza habari zako. Akasema, "Huyo atarudi kabla figili hazijang'olewa." Nikamwambia, "Wewe kang'oe zako, za wenzako waachie wenyewe." Ameondoka akicheka. Mzee yule hana haya hata kidogo.

Sasa chakula. Nimefikiri huku napalilia. La kwanza, nzige. Wachemshe kwa mchuzi wa soya na sukari mpaka wang'ae, uwauze kwenye vikombe vya karatasi. Ni wazuri kwa mifupa na watoto wa mjini wanapenda vitu vinavyolia wakitafuna. La pili, kiazi cha kuchoma kilichopakwa miso, rojo ya soya, yenye jozi. La tatu, kama hao wenzako wana roho nyepesi na nzige hawawawezi, basi oyaki. Donge la unga, mboga ndani, mvuke, kwisha. Babu yako alikula oyaki miaka yote ya maisha yake na hakuwahi kuniambia ni tamu, ila zikikosekana alikuwa anazunguka nyumba kama mtu aliyepoteza miwani.

Hao wenzako wamefurahi, umesema. Ni vizuri. Kina nani hao?

Siku za jua ninapanda ngazi na kulianika godoro lako kwenye ukingo wa roshani ya juu, ili siku ukija likunukie jua. Usinijibu kwamba nisipande ngazi. Nimezipanda tangu mama yako hajazaliwa.

Bibi yako, Toyo


Kawasaki, 20 Juni 1998

Bibi mpendwa,

Usipande ngazi.

Huku mvua za Juni zimeshika, nguo hazikauki, na Mama ananuka samaki mbichi na nguo mbichi kwa pamoja. Mimi nimezidi kurefuka, sketi imekuwa fupi, mwalimu amenionya.

Nzige wamekataliwa. Nilivyotamka tu neno lenyewe kuna msichana alitoka nje. Halafu ikaja siku ya kugawana vyakula. Madarasa mawili hayaruhusiwi kuuza kitu kimoja, na karibu kila darasa lilitaka tambi za kukaanga, kwa hiyo wenyeviti walicheza ule mchezo wa mikono wa jiwe, karatasi, mkasi mbele ya shule nzima. Wetu alitoa jiwe. Akarudia jiwe. Mara ya tatu, Bibi, akatoa jiwe. Tambi zikaenda, vitumbua vya pweza vikaenda, soseji zikaenda, hata chapati nyembamba za krimu. Tukabaki na masufuria ya mvuke ya zamani ambayo hakuna aliyeyataka. Ndipo nikasema oyaki.

"Ni nini hiyo?"

"Ni mkate ulioficha mboga."

Wakacheka. Nikapata wazo papo hapo: kila mkate uwe na kitu tofauti ndani, na mnunuzi asijue mpaka aume. Kibanda tutakiita Tumboni Mna Nini. Wamelipenda sana.

Naomba unifundishe kukanda. Nimekuona ukifanya mara elfu, na sasa nikifumba macho naona mikono yako tu, unga siuoni.

Wako, Misuzu


2 Agosti 1998

Misuzu wangu,

Nisamehe kwa kukuweka. Mvua ilikuwa nyingi, halafu joto, halafu hili na lile, ukizeeka mambo madogo yanajifanya makubwa. Nimeandika kwa penseli kwa sababu kalamu yangu imekataa. Mimi ni mzima. Asubuhi hii matofaa mekundu ya mwanzo yameletwa, nimekula nusu.

Mwaka huu msije kwa sikukuu ya Bon. Paa linatengenezwa, nyumba imejaa mafundi na vumbi. Roho ya babu yako nitaipokea mwenyewe. Hana makuu, anataka kijinga cha moto tu na kikombe cha chai. Mama yako nimeshamweleza.

Sasa kukanda. Unga wa ngano, maji ya vuguvugu, chumvi kidogo. Maji mimina kidogo kidogo. Usinitake vipimo, sijawahi kuwa navyo. Donge linatakiwa liwe laini kama ndewe ya sikio, pale pa kutobolea hereni. Ubonyeze unga, ubonyeze sikio, mpaka vidole visijue kipi ni kipi. Kisha lifunike lilale. Ndipo ukate, utandaze kiganjani, uweke mboga, uvute kingo juu na kuzifunga.

Na mboga yenyewe nimekutumia. Pipa la achari ya majani ya nozawa nililosindika Novemba limefika pale ninapopataka: majani yamekuwa manjano, yamechacha sawasawa. Hayo ndiyo ya oyaki. Yaoshe, yakaange kwa mafuta ya ufuta na soya kidogo, na hao wa tambi watahama waje kwenu. Nilimtuma Tomekichi akayafungashe na kuyapeleka posta, kwa hiyo ukiona yamefungwa vibaya, lawama ni zake.

Nakuuliza tena. Barua mbili umeniandikia na humo hamna jina la mtu hata mmoja. Anayekutandazia ni nani? Oyaki za watu mia hazikandwi na mikono miwili.

Supu imekuja, naacha hapa. Treni ya saa kumi na mbili nayo ndiyo hiyo.

Bibi yako


Kawasaki, 23 Agosti 1998

Bibi mpendwa,

Asante kwa achari. Mtu wa posta aliushika mzigo kwa mkono mmoja, mbali na mwili wake. Tumeuweka kibarazani, na sasa jirani wa juu amebandika karatasi kwenye lifti akiwaomba wenye nyumba waangalie kama bomba la maji machafu limepasuka. Mama alisoma, akainama mpaka kwenye magoti kwa kicheko. Sijamwona akicheka hivyo tangu tuje huku.

Wenzangu wote wameonja na wameipenda. Uliuliza majina. Wanaonisaidia ni Aoki, Arai, Endo, Kusano na Takebe. Takebe ndiye mwenyekiti, yule wa jiwe. Tunafanya mazoezi kila wiki na mambo ni mazuri.

Sikukuu ya Bon ilikuwa ngeni bila kuja. Tuliwasha moto mdogo kwenye sahani ya bati kibarazani, Mama akasema babu asipotufikia huku ataongozwa na harufu ya achari. Nilitaka kumcheka, nikajikuta nalia.

Bibi, paa gani hilo? Majira ya baridi hakukuwa na theluji nzito. Na treni umeisikia wapi? Kijijini kwetu hakuna treni.

Misuzu


6 Septemba 1998

Misuzu wangu,

Nyenje wamebadili wimbo, wanaaga. Huku asubuhi kuna ubaridi. Mimi ni mzima na chakula nakula, wala usianze kunihoji kama polisi wa barabarani.

Aoki, Arai, Endo, Kusano, Takebe. Mjukuu wangu, mimi nimefua sare za watoto wa shule kwa miaka, na majina hayo najua yanakotoka. Umeyanakili kwenye daftari la mahudhurio, na mpangilio hukuuvuruga hata kidogo. Mtu mwenye rafiki haanzi na A. Anaanza na yule anayemchekesha.

Kwa hiyo leo sikuulizi habari za unga. Nakuuliza: saa ya chakula cha mchana, unakula na nani?

Nijibu ukweli. Mimi si wa kuvunjika.

Toyo


Kawasaki, 15 Septemba 1998

Bibi,

Leo ni sikukuu ya wazee, shule imefungwa. Nakutakia maisha marefu. Natumaini upo mzima.

Nakula peke yangu. Kuna ngazi nyuma ya ukumbi wa michezo, hakuna anayepita pale ila paka. Hawanitendei ubaya. Hakuna anayenitukana wala kunificha viatu. Wananiita kwa jina la ukoo tu, "Maruyama", kwa adabu, wananipisha mlangoni, na wakianza kuongea mambo ya mwaka jana wananitazama kama mgeni wa kwenye basi. Walianza wote pamoja, mimi nimeingia katikati. Mazoezi hatujafanya hata mara moja. Nilitangaza, wakasema "sawa, Maruyama, utuambie," na siku yenyewe kila mtu akawa na klabu yake. Nami sikurudia kusema, maana niliogopa wataniona king'ang'anizi.

Na achari hatuwezi kuiuza. Idara ya afya imetuletea masharti: kila kitu kipikwe shuleni siku ileile, kitu kilichosindikwa nyumbani hakiruhusiwi, achari ndiyo ya kwanza kutajwa. Nilijua tangu Julai. Barua yako ya Agosti ilipofika, ulikuwa umeshaituma, nikashindwa kukwambia. Hakuna aliyeionja ila mimi na Mama. Tunaila kila siku na haiishi.

Nimechoka, Bibi. Sitaki kungoja Desemba. Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe ishirini na sita, napanda treni nakuja. Sijamwambia Mama. Niwekee maji ya kuoga ya moto na godoro langu. Tamasha watafanya wanavyojua.

Misuzu


20 Septemba 1998, kwa posta ya haraka

Mwanangu,

Barua zako hufika kijijini, Tomekichi huzipokea na kuniletea kwa kile kigari chake cha kubebea mboga. Hii kaileta leo. Aliiona bahasha imeandikwa kwa mkono wa haraka akasema, "Hii usiingoje chai." Nimeisoma mara mbili.

Umenipa ukweli, nami nakupa wangu.

Mimi sipo kijijini. Tangu mwisho wa mwezi wa sita nipo mjini Iiyama, kwanza hospitali na sasa kwenye nyumba ya wazee, na dirisha langu linatazama reli. Mwishoni mwa Juni nilianguka ngazini, nikavunjika nyonga. Nilikuwa nateremsha godoro lako kabla ya mvua. Usijilaumu, nakuona hapo ulipo umeshaanza. Godoro lilitangulia kuanguka, mimi nikaliangukia, na daktari amesema bila lile angekuwa anazungumza na mama yako na si na mimi. Natembea kwa kushikilia, hatua chache. Nyumba imefungwa. Theluji ya kwetu haimngoji mtu asiyeweza kupanda paani kuikokota, kwa hiyo sitarudi kuishi pale tena. Nimelia, nimemaliza.

Mama yako anajua. Nilimwapisha asikwambie. Alikuja hapa Bon, siku ile aliyokwambia ana zamu mbili. Usimkasirikie, nikasirikie mimi. Nilijua ungeacha shule uje kuniuguza, na wewe ni mtu wa miaka kumi na sita. Tena nilitaka uendelee kuamini kwamba kuna nyumba yenye taa inakungoja. Mtu akijua ana pa kurudia hajikunji sana mbele za watu. Nikaona nikunyime ukweli mpaka upate watu wako huko. Labda nilikosea. Sijui. Nakupenda, na mapenzi ya wazee yana ujinga wake.

Achari isikuumize. Ningejua masharti ningekutumia nzige.

Ukitaka kuja tarehe ishirini na sita, njoo. Nitakuwa mlangoni kwenye kiti cha magurudumu na nitafurahi mpaka nipoteze adabu. Sikuzuii. Ila kabla ya hapo nifanyie jambo moja. Kwetu, mwanamke aliyeshindwa na kazi ya achari hafungi mlango. Anatoka nje anasema kwa sauti, "Jamani, imenishinda," na jirani anaacha sufuria yake motoni anakuja. Ulianza kwa kuwaambia wenzako unajua. Mtu anayejua hana anayemsogelea. Nenda na unga, uwaambie hujui.

Bibi yako anayekupenda,
Toyo


Kawasaki, 11 Oktoba 1998

Bibi mpendwa,

Nisamehe kwa kimya. Sikuja tarehe ishirini na sita, na utaona kwa nini.

Barua yako niliisomea jikoni nikiwa nimesimama. Nilikukasirikia. Mama naye nikamnunia, nikawa nampa chumvi bila kumtazama. Usiku wa pili akaja kukaa pembeni ya kitanda changu, akasema, "Mimi nilisimama pale stesheni ya Iiyama nikitaka kukununulia matofaa ya kwetu, nikakumbuka eti nipo kazini. Nikayarudisha." Tukalia wote wawili. Kisha tukala achari.

Kesho yake nilichukua unga na beseni nikaenda nazo shuleni. Baada ya vipindi nikasimama mbele ya darasa. Nikasema, "Kazi niliyoomba imenishinda. Sijui kukanda. Aliyekuwa anajua amevunjika nyonga. Naomba msaada." Nikainama, nikabaki nimeinama.

Bibi, hawakuja kwa huruma, sitaki kukudanganya tena. Mvua ilikuwa inamwagika na wanne hawakuwa na mwavuli. Arai akasogea kwanza, akauliza, "Unatakiwa uwe mgumu kiasi gani?" Nikajibu kama ulivyonifundisha, kama ndewe ya sikio. Akalishika la kwake, akabonyeza unga. "Umeshafika." Takebe akalishika la kwake, akasema, "Umefika wapi? Huu bado maji."

"Hebu lete sikio lako," Arai akamwambia. Akalibonyeza. "Mama yangu wee, hili ni sikio au kisigino? Njooni muone, ndiyo maana anatoa jiwe kila siku."

Basi ikawa fujo. Kila mtu anamshika mwenzake sikio. Endo anafinywa analia, Takebe anajitetea kwamba babu yake naye yuko hivyo, na mimi, ambaye tangu Aprili hakuna aliyenigusa hata bega, nikajikuta na mikono miwili masikioni. Mwisho tukampata Kusano. Ni kijana ambaye haongei. Mwalimu mwenyewe humsahau. Sikio lake, Bibi, ni la oyaki hasa. Tukaamua kwamba hilo ndilo kipimo cha darasa. Kuanzia siku ile, anayekanda anaita "Kusano!", naye anakuja, anainamisha kichwa, anabonyezwa, anarudi zake. Siku ya tamasha alikuwa ameosha masikio mpaka yamewiva.

Tulifanya mazoezi kila jioni, na kila mtu akaleta wazo la kujaza, maana kununua na kupika vyote siku ileile idara ya afya haikatazi. Arai alikaanga boga kwa siagi na mdalasini. Endo akaponda viazi na bizari. Aoki, ambaye familia yake wanauza tofu, akaleta mashudu ya soya kutoka dukani, tukayapika na karoti, na wazee waliyapenda kuliko vyote. Na Takebe akakaanga tambi. Alipigwa marufuku kuziuza kwenye sahani, akaziingiza tumboni mwa mkate. Darasa lenye tambi walikwenda kushtaki kwa kamati. Kamati wakaja, wakanunua, wakakosa tambi wakapata boga, wakanunua tena, wakapata maharage matamu. Mpaka sasa hawana ushahidi.

Awamu ya kwanza iliharibika. Nilisahau kupaka mafuta chini, mikate yote ikagandana ikawa mmoja. Zamani ningejificha. Nikaita, "Jamani, imenishinda!" Wakaja na vijiko. Tukaikwangua tukaila wenyewe.

Mchana hakuna aliyekuwa na nafasi ya kutoka. Tukajibana nyuma ya pazia la kibanda na vyakula vyetu vya boksi. Nilikuwa na achari yako begini, maana Mama alikuwa amesema tamasha lisipite bila wewe. Arai akanusa. "Misuzu, kitu gani kinanuka huko kwako?" Bibi, aliniita Misuzu. Nikafungua. Nikawaambia hii ndiyo ilitakiwa iwe oyaki yetu ya kwanza, hairuhusiwi kuuzwa, ni ya pipa la mwisho la bibi yangu. Kuila hakuna aliyekataza. Takebe alikunja uso kama aliyeuma limau, akachukua tena. Endo akaomba ya kupeleka kwao. Kusano alikula nusu ya kopo kimya kimya, halafu akasema, na hii ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia akisema, "Msindikaji wa hii ningependa kumwona."

Imekwisha, Bibi. Mzigo mzima. Ile niliyokudanganya mwezi wa nane kwamba wote wameonja na wameipenda, sasa si uongo tena.

Tuliuza mikate yote kabla ngoma ya kufungia haijapigwa. Mama alikuja na sare ya kiwanda, akapanga mstari kama watu wengine, akapata ya tambi. Ananuka samaki, amesimama katikati ya uwanja anacheka.

Kuhusu Desemba: sitarudi. Si kwa sababu nyumba imefungwa. Ningeweza kwenda kuishi kwa Tomekichi nikale figili. Ni kwa sababu saa ya chakula Nagisa (ndiye Arai) huweka begi lake kwenye kiti cha pembeni ili mtu asikae, na nikifika analiondoa bila kunitazama, huku anaendelea na mazungumzo. Nimeandika haya kwa furaha, halafu nakumbuka dirisha lako na reli, na sijui nifurahi vipi bila kukuacha peke yako. Niambie.

Novemba ni wakati wa kuosha nozawa. Mwaka huu nani anaosha?

Mjukuu wako,
Misuzu


Iiyama, 25 Oktoba 1998

Misuzu wangu,

Salamu nyingi kutoka mjini, na safari hii nimeuandika mji wenyewe hapo juu. Milima imeshavaa kofia nyeupe, matofaa makubwa yameanza. Nyonga haijambo. Leo nimetembea mpaka jikoni, nikamkuta mpishi anakanda unga mgumu. Nimempa sikio langu.

Barua yako nimemsomea kila mtu wa humu, wenye masikio na wasio na masikio. Bibi wa chumba cha pili anataka kujua kama Kusano ameshaposa.

Umeniuliza ufurahi vipi. Furahi tu. Mimi niliacha nyumba, sikuacha mtu. Mtu wangu ni huyo anayewekewa kiti. Juni nilikuwa naogopa kwamba nimeanguka kabla wewe hujasimama. Sasa nalala vizuri, na watu wa zamu ya usiku wanasema nakoroma.

Novemba tunaosha sisi. Tomekichi amepanda nozawa kwenye shamba letu, hakuniuliza ruhusa, anajifanya eti mbegu zilimdondoka. Nyumba itafunguliwa kwa siku mbili. Mimi nitakaa kwenye kiti changu pembeni ya hodhi la kuoshea la maji moto, nishike chumvi na kugombeza watu. Njoo na mama yako, Nagisa, huyo wa sikio la kisigino, na Kusano. Endo na Aoki nao wakitaka. Waje na mabuti na sweta za kulowa. Jiwe la kukandamizia pipa ni zito, alibebe Takebe, maana nasikia ana uzoefu na jiwe.

Magodoro ya wageni Tomekichi ameshayatoa na kuyaanika uani, chini, juu ya majani, kila siku yanapigwa jua. Lako halimo. Lipo hapa nalilalia tangu nitoke hospitali, na siku ukija nitakurudishia. Linanuka bibi kidogo, utanisamehe.

Toyo